Leipäjuusto ni jibini, si mkate

Anayetafsiri leipäjuusto kuwa "mkate wa jibini" amelipindua neno kichwa chini, miguu juu. Leipä ni mkate, juusto ni jibini, na katika Kifini neno la mwisho ndilo mwenye nyumba. La kwanza ni la kulieleza tu. Sisi tunafanya kinyume: batamzinga ni bata kwanza. Kwa hiyo hii ni jibini, imeokwa ikafanana na mkate. Unga haumo hata chembe.

Wapo Wafini wanaosema juustoleipä, na watengenezaji wa Wisconsin kule Marekani wameshika jina hilo. Mimi silitaki, maana juustoleipä ni pia kipande cha mkate kilichowekewa jibini juu.

Ajabu ni kwamba nusu zote mbili ni za kukopa. Leipä ilitoka kwa Wajerumani wa kale, shina moja na loaf ya Kiingereza. Juusto ni ndugu wa ost ya Kiswidi, ila Wafini wameitunza j ya mwanzo ambayo Waswidi waliipoteza zamani. (Tusiwacheke, jibini yetu ni ya Waarabu.)

Kwao leipäjuusto hasa ni Pohjanmaa, Kainuu na Lapland, huko Ufini. Zamani ilipendwa ya maziwa ya ng'ombe aliyetoka kuzaa, yenye dang'a. Siku hizi pasha lita 10 za maziwa freshi hadi nyuzi 37 au 38, tia reneti (kimeng'enya cha kugandisha maziwa), funika kama nusu saa. Chomeka kisu: pakichanika safi, yameganda. Katakata, koroga polepole, chuja, kisha kandamiza kwenye sinia yawe bapa la sentimita 2 hivi. Oka kwa moto mkali, nyuzi 250 na zaidi, hadi madoa ya kahawia yatokee kama ya chapati, geuza. Utapata kilo moja na ushei.

Maziwa ya pakiti yasiyohitaji friji yatakuangusha: yameshaungua mno, reneti haiyashiki vizuri. Yaliyoanza kuchacha nayo ni hasara. Uchachu huondoa kalsiamu inayoshikilia protini, na jibini huyeyuka ovenini badala ya kusimama. Isitoshe, haitalia menoni. Mlio huo ndio umeipa jina la tatu, narskujuusto, na hapo pia juusto imekaa mwisho.