Sanamu zilipovunjwa Basel: sanaa ilikufa au ilihama?

Mwaka 1526 msomi Erasmus alimwandikia rafiki yake wa Antwerp kumtambulisha mchoraji Hans Holbein, akieleza kwamba huko Basel, mji wa Uswisi, sanaa zinaganda kwa baridi. Februari 1529 umati uliingia katika kanisa kuu la mji huo, ukavunja sanamu na kuziteketeza. Wanaosema Matengenezo ya Kanisa, vuguvugu lililowatenga Waprotestanti na Kanisa Katoliki, yaliua sanaa wana ushahidi wao hapo, nami siupuuzi. Fundi aliyeishi kwa kuchonga watakatifu alibaki na patasi mkononi, kazi hana.

Hata hivyo, tusiwaone wote walioziondoa sanamu kuwa wahuni. Huko Zürich, mji mwingine wa Uswisi, mwaka 1524 amri ilitoka kwa baraza la mji lenyewe, na mafundi wakaifanya kazi milango ikiwa imefungwa. Zwingli, mhubiri wao, alikuwa hodari wa muziki, hakuchukia uzuri. Kwake, maskini ndiye mfano hai wa Mungu, hivyo fedha za kupamba sanamu za mti zimfikie yeye. Kwa mtu aliyeona taa zikiwaka mbele ya sanamu huku mwenye njaa amekaa mlangoni, hoja hiyo ilikuwa nzito.

Wittenberg, mji wa Ujerumani, ilikwenda njia nyingine. Machi 1522 Martin Luther, mwanzilishi wa Matengenezo hayo, alirudi kuwazuia waliokuwa na pupa ya kuvunja, na Septemba Agano Jipya lake la Kijerumani likatoka na michoro 21 ya kitabu cha Ufunuo kutoka karakana ya mchoraji Cranach. Picha ilishuka ukutani ikaingia mikononi. Mwaka 1524 Luther akayahimiza mabaraza ya miji kufungua shule, za wasichana pia. Hapo naona faida kubwa kuliko zote: jicho na herufi vilifundishwa pamoja.

Ila kitabu kilinunuliwa, na ukuta ulitazamwa bure. Bibi kizee asiyejua kusoma alinyang'anywa kitabu chake pekee, yaani picha za kanisani, na miaka mingi ingepita kabla shule hazijamfikia mjukuu wake. Hasara hiyo wasifiaji wa Matengenezo huipita haraka mno.

Holbein alirudi Basel kutoka Uingereza mwaka 1528, akawapo sanamu zilipovunjwa. Mwaka 1532 akaondoka tena kwenda huko, akachora wafanyabiashara, mabalozi na Mfalme Henry wa Nane. Nazipenda sana nyuso hizo, lakini siwezi kusema zimefidia kilichoungua Basel.