"Huyu mtoto hasikii"
Mitaa ya Eastlands, hapa Nairobi, sentensi hiyo huisikia kutwa, na karibu kila mara maana yake ni kwamba mtoto ni mkaidi. Ameitwa mara tatu, hakuja, kofi. Jirani yangu wa zamani kule Umoja alimchapa mwanawe kwa kosa hilo hadi mtoto alipokaribia miaka minne. Ndipo nyanya, aliyekuja kutoka ushago kwa wiki mbili tu, akagonga sufuria nyuma ya kichwa cha mtoto na kuona hakugeuka. Siku hiyo mama alilia kuliko mtoto alivyowahi kulia. Kiswahili chenyewe kilichangia kumponza: sisi husikia njaa, husikia baridi, husikia harufu ya chapati, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika lugha kama hii kiziwi huanza maisha akiwa na kesi ya kujibu.

Namkumbuka mtoto huyo kila mjadala unaporudi wa wapi kiziwi asome. Tangu sera ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu, serikali imeelekea kwenye elimu jumuishi: mtoto asome shule ya mtaani kwao, pamoja na watoto wa jirani. Shule maalum za bweni sasa hutajwa kwa sauti ya chini, kama jamaa anayetia aibu ukoo.

Wanaozipinga wana hoja nzito. Mtoto wa miaka sita anayepandishwa basi na sanduku lake la bati hadi kaunti nyingine hukulia mikononi mwa wageni. Akidhulumiwa bwenini, likizo ikifika hana namna ya kumweleza baba yake. Mzazi naye, akimwona mwanawe mara tatu kwa mwaka, haoni haja ya kujifunza ishara. Tena wapo watoto wenye usikivu hafifu ambao kifaa cha sikio chenye betri nzima, kiti cha mbele na mwalimu asiyezungumza akiwa ameelekea ubao vinawatosha kabisa. Kuwapeleka hao bweni la viziwi kwa sababu tu fomu imeandikwa "ulemavu wa kusikia" ni uvivu.

Lakini yule asiyesikia kitu? Tumweke katika darasa la watoto 60 hapa Nairobi, kwa mwalimu mwenye moyo. Mwalimu ataandika ubaoni na mtoto atanakili, pengine kwa hati nzuri kuliko wenzake wote, bila kujua neno hata moja limebeba nini. Wakati wa mapumziko atakimbia wakikimbia, atacheka wakicheka. Mkaguzi akipita ataona ujumuishi umefanikiwa. Wengine husema atasoma midomo. Simama mbele ya kioo useme mama, baba, papa, bila kutoa sauti, kisha uniambie umeona tofauti gani.

Kuna takwimu moja ambayo siachi kuirudia, ingawa ni ya utafiti wa Marekani: zaidi ya watoto viziwi 9 kati ya 10 huzaliwa na wazazi wanaosikia. Tuitafune polepole. Mtoto wa Mkamba hupokea Kikamba akiwa mgongoni mwa mama. Mtoto wa Eastleigh hupata Kisomali, dua na utani wa shangazi zake kabla hajaota meno yote. Ukabila, dini, mapishi, hata namna ya kununa, vyote hugawiwa nyumbani. Kiziwi, katika nyumba tisa kati ya kumi, lugha yake haimo ndani ya nyumba alimozaliwa. Atabuniwa ishara za kula, kulala, choo, njoo. Hazitoshi kuuliza kwa nini babu alipelekwa hospitali na hakurudi. Basi mtoto anayeanza shule na ishara ishirini za jikoni, lugha kamili ataitoa wapi kama si kwa viziwi wenzake?

Historia yetu inajibu. Shule zetu za mwanzo za viziwi, kama Nyang'oma na Mumias zilizoanza miaka ya 1960, zilishikilia kumfundisha kiziwi kutamka. Kivuli kilikuwa kile cha mkutano wa Milan, Italia, wa 1880, ambapo walimu wa viziwi, karibu wote wenye kusikia, walipiga kura dhidi ya ishara. Mikono ikanyamazishwa darasani. Bwenini haikunyamaza. Ndimo ilimokulia Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 inaitaja katika kifungu cha 7 na kuifanya lugha rasmi ya Bunge katika kifungu cha 120. Tunaipigia makofi lugha huku tukitaka kuvunja nyumba iliyoilea.

Watetezi wa ujumuishi hupenda pia kifungu cha 24 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008. Wakishasoma penye elimu jumuishi, hufunga kitabu. Aya ya 3 ya kifungu hicho hicho inadai viziwi wawezeshwe kujifunza lugha ya ishara na utambulisho wao wa kilugha ukuzwe. Mwenye kiti cha magurudumu akijengewa mteremko, ameshaingia darasani. Mteremko wa kiziwi ni watu wanaoijua lugha yake, na mmoja hatoshi. Hata akipewa mkalimani, atakuwa mtoto ambaye rafiki yake pekee shuleni ni mtu mzima anayelipwa mshahara.

Shule maalum nazo zisijisifu mno. Wapo walimu wanaofika darasani na ishara za kuokoteza, na wengine huashiria Kiingereza neno kwa neno, ilhali lugha hii ina sarufi yake ambapo nyusi tu zikipanda umeulizwa swali. Wanafunzi wakubwa hugeuka wakalimani wa mwalimu wao. Mtahiniwa kiziwi hufanya Lugha ya Ishara badala ya Kiswahili, hilo ni jema, kisha hugeukia karatasi ya sayansi na kukutana na Kiingereza kile kile.

Mimi naegemea vitengo vya viziwi ndani ya shule za kawaida, kama kile cha Racecourse hapa Nairobi, mradi viziwi wawe wengi pamoja, si wawili wawili waliotawanywa mtaa kwa mtaa ili kila shule ionekane jumuishi. Pasipo kitengo cha aina hiyo karibu, bweni lisiguswe. Na siku mama anapoambiwa kwamba mwanawe ni kiziwi, arudi nyumbani na tarehe ya somo lake mwenyewe la kwanza la ishara, si barua ya kumpeleka mtoto shule peke yake.

Yule wa Umoja sasa yuko bweni, nje ya Nairobi. Desemba iliyopita nilipita kuwasalimu. Mama aliniambia alikuwa akihesabu siku shule ifungwe. Mtoto naye akasema jambo kwa mikono, haraka, na dadake mdogo, ambaye ndiye pekee pale nyumbani aliyejifunza, akanitafsiria: anahesabu siku shule ifunguliwe.