Roma Haina Kosa, Kosa ni Ratiba

Wanaorudi kutoka Roma siku hizi wana kilio kimoja. Jua kali, watu kama siafu, Chemchemi ya Trevi imezungukwa mpaka maji huyaoni, na Kikanisa cha Sistina kule Vatikani unatolewa kabla shingo haijazoea kutazama juu. Kisha wanakata shauri: mji huu unasifiwa bure. Mimi siafiki. Mtu aliyezungushwa na ratiba ya wakala kutwa nzima amechoka, na uchovu ni shahidi mbaya.

Kuhusu Sistina nawaelewa. Dari lile Michelangelo alilichora kuanzia 1508 hadi 1512. Wewe unapata dakika chache, kiwiko cha jirani kiko mbavuni, na walinzi wanapaza sauti kuwataka watu wanyamaze na kuwakumbusha kwamba picha ni marufuku. Mtu akitoka pale na kusema hakuona kitu, msimcheke.

Lakini Roma ina mamia ya makanisa ambayo mlango uko wazi na hakuna anayekuuliza tiketi. San Luigi dei Francesi iko karibu kabisa na Pantheon, lile hekalu la kale lililogeuzwa kanisa. Ingia, pita mkono wa kushoto mpaka karibu na altare. Kuna kikanisa chenye michoro mitatu ya mchoraji Caravaggio kuhusu Mtakatifu Mathayo, na kwa kawaida kiko gizani. Pembeni kuna kisanduku. Tumbukiza sarafu, taa inawaka. Upande wa kushoto watoza ushuru wako mezani na hela zao, wamevaa kama vijana wa mjini wa mwaka 1600. Yesu ananyoosha mkono kutoka kulia, na mzee mwenye ndevu anajionyesha kidole: mimi? Uko karibu kiasi cha kuona kucha. Halafu taa inazima, na wote mliosimama pale mnaanza kutazamana nani atatoa sarafu nyingine. (Wapo hodari wa kungojea ya mwenzao, na si wa taifa moja.)

Wenzangu wa Tanzania nina neno nao zaidi. Karibu kila kardinali huwa ana kanisa lake Roma, la heshima. Laurean Rugambwa, mwana wa Kagera, alipofanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati hizi, alipewa San Francesco a Ripa, ng'ambo ya mto Tiber, mtaa wa Trastevere. Ndani yake kuna kazi ya uzeeni ya mchongaji Bernini: Mwenye Heri Ludovica Albertoni amelala akikata roho, mkono kifuani, na mikunjo ya nguo yake imechongwa hivi kwamba unasahau kuwa ni marumaru. Mahujaji wetu wanakwenda Roma kwa makundi, wakiongozwa na mapadre wanaoujua mji. Ratiba zao nilizobahatika kuziona zina nafasi ya maduka ya rozari, kanisa la Rugambwa halimo. Hili kwangu halina udhuru.

Halafu maji. Watu wananunua chupa kwa bei ya kuumiza huku mabomba ya chuma yanayotiririka bure yamejaa mitaani, desturi iliyoanza mwaka 1874. Wenyeji huyaita nasoni. Usiiname kuchafua shati: ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka kupitia kitundu kilicho juu yake, unakunywa umesimama. Baridi safi, hata Julai.

Sisemi Koloseo usiende. Nenda, ila kata tiketi mapema. Pantheon nayo ilikuwa bure, mwaka 2023 watalii wakaanza kulipa, euro 5 wakati huo, na kwa kuba lile la zege lenye karibu miaka 1,900 sioni cha kulalamikia. Trevi amka alfajiri au achana nayo. Sarafu mtakazotupa huokotwa na kwenda Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, kwa ajili ya maskini.

Na akina mama, tieni kanga kwenye mkoba. Mabega wazi kwenye Kanisa la Mtakatifu Petro hayapiti, na wachuuzi wa mitandio walio nje wanalijua hilo vizuri kuliko wakala aliyewauzia safari.