Kane alipitia Leyton Orient, madogo wetu wanaozea benchi

Mimi ni mtu wa Tanga ila maisha yameniweka huku Leyton, London mashariki, jirani na uwanja wa Leyton Orient, na kitu ninachotamani sana tuwe nacho nyumbani sio Wembley wala pesa za Premier League, ni hivi viuwanja vidogo vya madaraja ya chini na kazi vinayofanya kwa vijana.

Wengi mnamjua Harry Kane, straika wa England, wa magoli. Januari 2011 alikuwa dogo wa miaka 17, Tottenham wakamleta hapa Orient kwa mkopo, yaani acheze kwa muda kisha arudi, ligi daraja la tatu. Arsenal walishamtema tangu mtoto. Hapa akafunga magoli 5, mwaka uliofuata akaenda Millwall iliyokuwa inapigana isishuke na pale ndo akakomaa kweli, msimu ukaisha na tuzo ya kijana bora wa timu. Halafu Norwich akavunjika mguu, halafu Leicester 2013 akawa anakaa benchi, na benchi lile lile alikuwepo Jamie Vardy, yule straika aliyekuja kuchukua ubingwa na Leicester! Mikopo minne, kisha msimu wa 2014/15 akaifungia Tottenham magoli 31.

Sasa fikiria angekuwa wa kwetu. Mkopo wa pili tu mitandao yote imeshaandika dogo kaisha, katemwa, arudi kwao. Sisi mkopo tunauona adhabu, huku ni shule, dogo anatoka kwenye timu ya vijana ambako kufungwa hakumuumizi mtu anaingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo chenye mababa wa familia, wanaotegemea posho ya ushindi na timu ikishuka mishahara inakatwa, akipoteza mpira kizembe anaambiwa hapo hapo.

Nyumbani dogo aking'ara msimu mmoja Simba na Yanga wanamgombania, anasaini, picha zinapigwa, kisha anakaa nyuma ya wachezaji wa kigeni miaka miwili mguu unakufa. Inaniuma kwa sababu vipaji tunaviona kwa macho. Fainali ya kombe la FA 2022 pale Arusha, Abdul Suleiman Sopu wa Coastal Union yetu aliwapiga Yanga magoli matatu peke yake, 3-3, tukafa kwa penalti. Timu ya mkoani ndo ilimpa dakika za kuonekana.

Na sisemi huku kila kitu kizuri. Akademi za huku zinawachukua watoto wadogo mno, wakifika 18 wengi wanaambiwa hatuna mkataba, na mzazi ameshazunguka na mtoto mazoezini toka akiwa na miaka 8 au 9. Hapo sisi tumewazidi, mtoto wa kwetu anacheza kwa furaha, na mechi za ndondo zinamkutanisha na watu wazima mapema kuliko dogo yeyote wa akademi. Samatta alitoka Mbagala, African Lyon, Simba, Mazembe ya Congo, Genk ya Ubelgiji, akafika Aston Villa ya England Januari 2020 akiwa na miaka 27, akawafunga Bournemouth na akafunga tena Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi na Man City. Mtanzania wa kwanza kufunga Premier League! Kipaji kile kingepata njia iliyonyooka kingefika mapema zaidi, mi naamini hivyo kabisa.

Kwahiyo ombi langu kwa Simba, Yanga na Azam, madogo wenu wa U20 (chini ya miaka 20) wasioanza wapelekeni African Sports ya Tanga na timu nyingine za madaraja ya chini, msimu mzima sio miezi miwili, mkataba useme dogo anaenda kucheza, na sehemu ya mshahara mbebe nyinyi maana timu hizo hazina hela, huku timu mama inafanya hivyo kila msimu na haioni hasara. Na nyie wenzangu wa Tanga, Jumamosi African Sports wakiwa uwanja wa Mkwakwani nendeni, Arsenal mtaangalia marudio usiku.