Usukani Usiojulikana Uko kwa Nani

Meli ikigonga, wa kwanza kulaumiwa ni aliyekuwa zamu: alizubaa, alisinzia, hakufuata taratibu. Ni nadra kumsikia aliyekisanifu chumba cha usukani akiulizwa neno. Kwa maoni yangu, huyo ndiye angetangulia kuhojiwa.

Tarehe 21 Agosti 2017 manowari ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta Alnic MC karibu na Singapore, na mabaharia 10 wakafa. Usukani na injini za manowari hiyo ziliongozwa kwa skrini za kugusa. Kamanda alipoona mshika usukani amezidiwa, aliagiza kazi igawanywe: huyo abaki na usukani, mwenzake wa meza ya jirani achukue mwendo. Katika kuhamisha mwendo, usukani nao ukahama, wala hakuna aliyetambua. Mshika usukani akapiga kelele kwamba meli haimtii. Kumbe usukani ulikuwa mzima, uko kwa jirani yake! Amri ya kupunguza mwendo ilipotoka, vidhibiti vya injini za pande mbili havikuwa vimeunganishwa, ukapungua mwendo wa upande wa kushoto peke yake, na meli ikazidi kupinda kushoto.

Kishikio cha chuma hakifichi mambo namna hiyo. Mkono unakijua hata gizani, na kila aliyemo chumbani anaona kimesukumwa hadi wapi na nani amekishika. Mwaka 2019 jeshi la majini la Marekani lenyewe lilitangaza kurudisha vishikio vya mwendo kwenye manowari za aina hiyo. Mimi si adui wa skrini. Ramani ikae humo na ipendeze. Usukani, hapana.

Ugonjwa huu si wa skrini pekee. Juni 1995, meli ya abiria Royal Majesty ilikuwa ikitoka Bermuda kwenda Boston, waya wa antena ya GPS ukachomoka. Chombo cha GPS kikaanza kukisia mahali meli ilipo, kikatoa mlio wa sekunde moja hivi na herufi chache ndogo kwenye kioo chake. Baada ya saa 34 hivi meli ilipanda mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani, maili 17 nje ya njia yake. Tiba iliyozoeleka ni kuongeza ving'ora, navyo vikizidi watu huvizima bila kuvisoma.

Kanuni zipo. Mkataba wa SOLAS, ule wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, sura ya tano, unataka chumba cha usukani kionyeshe wazi mitambo inayojiendesha iko katika hali gani. Lakini linganisha na kanuni ya madirisha: bahari mbele ya omo, yaani ncha ya mbele ya meli, isizibwe zaidi ya mara mbili ya urefu wa meli au mita 500, ipi iliyo fupi. Hiyo inapimika kwa futi kamba. Ile ya kwanza kila mtengenezaji anaitafsiri apendavyo, chombo chake kinafaulu majaribio kikiwa peke yake, kisha vyote vinakusanywa mezani pamoja.

Ningekuwa mwenye meli, nisingetia saini mchoro wowote kabla chumba hakijajengwa kwa mbao na kadibodi, kwa vipimo vyake halisi. Ningewaingiza mabaharia watakaokitumia, taa zizimwe, kisha niwaulize ghafla: usukani uko kwa nani sasa hivi? Wakisitasita, mchoro unarudi kwa msanifu.