Nauli ya Kliniki Hulipwa Mara Nane

Utafiti wa afya ya taifa uliofanyika Tanzania mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 98 ya akina mama walionwa na mtaalamu wa afya angalau mara moja wakati wa ujauzito. Waliofika mara nne au zaidi ni asilimia 51 tu. Kwa hiyo wengi wanaijua njia ya kliniki na kadi wanayo. Kinachowashinda ni kurudi. Mwaka huohuo wa 2016, Shirika la Afya Duniani lilipandisha mahudhurio linayopendekeza kwa kila ujauzito kutoka manne hadi manane, la kwanza kabla ya wiki 12.

Wafanyweje warudi? Hoja ya kwanza ni kusogeza huduma karibu nao. Mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na hoja yake ina uzito. Chukua dawa za SP za kuzuia malaria: mama humeza vidonge 3 mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13, na kati ya dozi na dozi upite angalau mwezi mmoja. Anahitaji dozi zisizopungua 3. Aliyeanza na mimba ya miezi sita, kisha masika yakakata barabara, mara nyingi hujifungua akiwa na moja au mbili. Hakuna namna ya kufidia kwa kumpa mbili kwa mpigo.

Wanaopinga wanauliza: mbona hata mjini, kliniki ikiwa mtaa wa pili, wengi huchelewa kuanza? Ni kweli. Mimba changa husitiriwa, na kama mama haumwi haoni haraka ya nini. Lakini hiyo inaeleza hudhurio la kwanza tu. Kuanzia la pili nauli ndiyo inayoamua, na hapo jengo peke yake halisaidii. Zahanati iliyoishiwa vitepe vya kupimia mkojo au kipimo cha wekundu wa damu humtuma mama kituo cha afya, naye analipa safari mbili kwa huduma ya moja. Ultrasaundi, inayopendekezwa mara moja kabla ya wiki 24, kwa kawaida haipo zahanati.

Basi tuboreshe usafiri? Mfumo wa m-mama, wa kusafirisha wajawazito wakati wa dharura, umefanya kazi kubwa: unapiga 115 bure, na gari la wagonjwa likiwa mbali, anatumwa dereva wa jamii ambaye hulipwa kwa simu. Ila ni dharura tu. Haumpeleki mtu kupimwa presha Jumanne ya kawaida, na presha isiyopimwa ndiyo inayozaa baadhi ya hizo dharura za kifafa cha mimba.

Kwa maoni yetu, pande zote mbili zinahesabu kilomita na kusahau idadi ya safari, ambayo nyingine tunaiongeza sisi wenyewe. Kuna kliniki zinazopokea wajawazito wapya siku moja tu kwa wiki. Aliyekosea siku anarudi nyumbani na kadi tupu. Kuna zinazodai mama aje na mwenza, na asiye naye alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Hapo bodaboda inabeba wawili, au mama anasafiri tena kufuata barua. Kufuta masharti haya hakuhitaji hata tofali moja.

Kwa vitongoji vya mbali zaidi, huduma ya mkoba, yaani muuguzi kuwafuata akina mama huko huko na vifaa vyake, kila mwezi inatosha kwa mahudhurio mengi ya katikati: mashine ya presha na betri za akiba, vitepe vya mkojo, kipimo cha wekundu wa damu, vipimo vya haraka vya VVU na kaswende, SP, vidonge vya madini ya chuma na foliki, chanjo ya pepopunda ndani ya kasha la barafu. Na maji safi na vikombe, maana bila hivyo SP inapelekwa nyumbani na haijulikani kama imemezwa. Mkoba huu hufa kwa jambo dogo: mafuta ya pikipiki hayakutengewa fungu. Muuguzi akikosa miezi miwili mfululizo, mwezi wa tatu atakuta benchi tupu chini ya mwembe, kwa hiyo fungu la mafuta litangulie kabla ya tarehe kutangazwa.