Daftari la malipo lisisahauliwe

Makala mliyochapisha inadai kwamba kompyuta, kwa kuhesabu maneno, sasa inaweza kuwatambua waandishi wasiotajwa katika majarida ya Uingereza ya karne ya 19. Naomba kutofautiana nayo. Household Words, jarida lililohaririwa na mwandishi wa riwaya Charles Dickens kuanzia 1850 hadi 1859, lilichapisha makala bila majina ya waandishi, huku jina la Dickens pekee likisomeka juu ya kurasa. Lakini msaidizi wake, W. H. Wills, aliweka daftari la ofisi lenye majina ya wachangiaji, urefu wa kazi zao na malipo, na ni kwa daftari hilo mtafiti Anne Lohrli alichapisha orodha yake ya wachangiaji mwaka 1973. Wanawake wengi, mbali na wale maarufu kama mwandishi wa riwaya Elizabeth Gaskell, wamerudishiwa kazi zao kwa njia hiyo. Zaidi ya hayo, Dickens alikuwa na kawaida ya kukata, kuongeza na hata kuandika upya sehemu za kazi za wengine. Je, mashine inayopima mtindo wa kurasa hizo inampima nani hasa? Ningeomba tuelezwe kama programu hiyo imejaribiwa kwanza kwa makala ambazo daftari limekwisha kuwataja waandishi wake.